Upepo Alioacha Lukelo

Arusha, 9 Februari 2025

Kwako shemeji Scolastica,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, mama na Agnella. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, ambao siku hizi unajua mvua kabla ya mawingu. Asubuhi huku kuna baridi ya kuuma vidole, na kazi yangu ni maji. Baiskeli za watalii zikirudi na tope lake, ni mimi ninayeziosha kabla fundi Yoramu hajazigusa. Mwambie mama ile shuka nzito aliyonipa bado najifunika, ingawa imetoboka katikati.

Naandika kwa sababu simu haipatikani. Nimepiga tangu Desemba. Nikadhani umenikasirikia, na kama ndivyo sina la kujitetea. Venance, kondakta wa basi la Ifakara, ndiye aliyeniambia, "Wewe andika. Mimi naifikisha dukani kwa Odilia pale Ifakara, hapo haitakosa mtu wa Mofu." Barua ina nafuu moja, haiwezi kukatwa katikati.

Huyo Venance kaniambia na jingine. Siku aliyopita kwenu aliazima baiskeli ya marehemu kaka aende kununua vocha. Anasema alipoikalia tu, mbele ikazama mpaka ikagonga chuma kwa chuma. Shemeji, hilo limenishtua. Unakumbuka Krismasi ya 2023 nilipoileta, upepo niliujaza mimi mwenyewe pale uani. Lukelo amekaa juu, mama anamshikilia asianguke, na mimi napampu nikitazama geji. Kilo tisini na kitu. Niliijaza kwa uzito wake barabara.

Shokapu ile ya mbele haina springi ya chuma. Kinachoibeba ni upepo uliofungiwa ndani ya mguu wa kushoto. Ikizama ujue inavuja, oringi, zile pete za mpira za kuzuia upepo, zimechoka, na lazima ifunguliwe ioshwe na kutiwa grisi. Usimpelekee Fulgensi wa Idete. Namjua, ataipiga wedi, aichomelee iwe chuma kimoja kisichocheza. Nijibu nikuelekeze.

Habari za msiba sijaandika. Najua kwamba sijaandika.

Ni mimi shemeji yako,
Silvano


Mofu, 27 Februari 2025

Kwako shemeji Silvano,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya sabuni, maana Odilia aliiweka kwenye boksi la sabuni asiisahau. Mama anakula kidogo na kulalamika sana, ndiyo uzima wake. Agnella akitoka shule anakwenda shambani kuamia ndege. Mpunga umeshika vizuri, Mungu akituachia.

Sikukukasirikia kwa simu. Simu yenyewe ni ile ya Lukelo. Niliizima kwa sababu walikuwa wanampigia watu ambao hawajasikia. Mnunuzi wa samaki, mtu wa Mlimba, mwalimu wake wa zamani. Kila mmoja anaanza kwa kucheka, "Lukelo, umepotea wewe!" Nilimjibu wa kwanza, nikamjibu wa pili. Wa tatu nikashindwa.

Sasa baiskeli. Ndiyo inayotuweka mjini, kama vijana wanavyosema, ingawa mji wenyewe ni Idete. Nanunua perege na kambale mtoni, nawaweka kwenye ndoo, nakwenda kuuza. Na haizami. Venance ana tumbo la mtu anayekula kila kituo, asiisingizie baiskeli. Mimi nikikaa inashuka kidogo, inapanda, inapita kwenye mashimo bila kuniumiza mikono. Tangu Novemba hakuna aliyeigusa ile shokapu, na nisingependa iguswe.

Fulgensi ameshajaribu. Alinisimamisha barabarani.

"Mama Agnella, lete hiyo nikupigie wedi. Shokapu ni mapambo ya wazungu. Ukitaka kubeba gunia utabeba na nini?"

"Nani kakwambia nabeba gunia?"

"Leo hubebi. Kesho je?"

"Kesho kapige wedi mdomo wako."

Watu walicheka, na yeye alicheka. Lakini bado anaitazama baiskeli kama mtu anayetazama kuku wa jirani.

Nina swali, shemeji. Venance kaniambia na mimi jambo. Anasema siku ya tatu baada ya maziko alikuona Mkula, kituo cha kabla ya Ifakara, umekaa kwenye banda la ndizi na begi lako. Basi lake lilikuwa linarudi juu, ukapanda, ukakaa nyuma kabisa mpaka Arusha. Mkula ni hapo tu. Mtu akifika Mkula amefika nyumbani, na sisi hatukukuona. Nataka unieleze mwenyewe.

Scolastica


Arusha, 16 Machi 2025

Kwako shemeji,

Shikamoo. Pole na kazi ya samaki. Mwambie Agnella nilipokuwa na umri wake baba yake ndiye aliyenifundisha kurusha udongo kwa fimbo, ndege waliniogopa hadi shamba la tatu. Mimi niliacha shule darasa la tano, lakini kwenye kuamia ndege nilikuwa profesa.

Kuhusu Mkula sitaandika.

Kuhusu shokapu nitaandika, maana hapo una kosa, shemeji, usinichukie kwa kusema. Unasema inakubeba vizuri. Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Niliijaza kwa mtu wa kilo tisini. Wewe hufiki sitini. Ingekuwa na upepo wote niliotia, kwako ingekuwa ngumu kama mti, na mashimo ya Idete ungeyahesabu kwa mifupa ya mikono. Kama inakubeba wewe kwa ulaini, basi upepo mwingi umeondoka, na hauondoki bila kupata njia. Inavuja. Ukiendelea hivyo chuma kitasagana na chuma na hakuna dawa tena.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka utulivu. Osha baiskeli kwanza, hasa pale miguu myembamba inapoingia kwenye minene, mchanga usije ukaingia ndani. Juu ya mguu wa kushoto kuna kifuniko kidogo, kifungue kwa vidole, utaona valvu kama ya gari. Bonyeza kile kipini cha katikati taratibu mpaka upepo wote utoke. Wote, shemeji. Usifungue chochote kingine kabla ya hapo. Yoramu ana kovu juu ya nyusi kwa sababu siku moja alikuwa na haraka, akafungua kizibo cha juu ya mguu upepo ukiwa ndani. Kizibo kiliruka, damu ikajaa jicho, na yeye ni fundi wa miaka mingi.

Upepo ukiisha, toa gurudumu, weka beseni chini. Legeza bolti ya chini ya kila mguu bila kuitoa yote, igonge kwa nyundo ukiwa umeweka kipande cha mti, kisha itoe. Mafuta machafu yatamwagika. Vuta miguu minene, itachomoka kama gumboot kwenye tope la jaruba. Kwenye mguu wa kushoto utaona pete ya chuma imeshika fimbo ya ndani. Ibane, itoke, uvute fimbo. Mwisho wake una oringi za mpira. Zikiwa zimepasuka au zimekuwa bapa, huyo ndiye mwizi wako. Futa grisi ya zamani kwa kitambaa kisicho na nyuzi, tia oringi mpya, grisi mpya, mafuta kidogo, rudisha kila kitu, kisha jaza upepo kwa ile pampu yenye geji niliyowaachia. Ya matairi haifai.

Sili, ile mipira ya kuzuia mafuta na vumbi, na oringi nitazituma kwa Venance ukiniambia uko tayari.

Silvano


Arusha, 28 Aprili 2025

Shemeji,

Shikamoo. Sijapata jibu. Redio inasema maji yamejaa bondeni na barabara haipitiki. Venance anasema basi linaishia Ifakara na wa Mofu hawaonekani mjini. Kila nikiosha baiskeli nayaona maji haya nayachukia. Hata neno moja tu, mpo au hampo. Mambo ya shokapu yaache kabisa.

Silvano


Mofu, 2 Juni 2025

Kwako shemeji Silvano,

Marahaba. Tupo. Barua zako mbili zimenifikia siku moja, zote kutoka kwa Odilia, moja ikiwa imekaa kule tangu kabla ya maji. Nimesoma ya pili kwanza.

Maji yaliingia ndani hadi kwenye kitanda. Mama tulimvusha kwa mtumbwi akiwa amemkumbatia kuku wake mmoja, anawatukana wapiga kasia kwamba wanamtikisa. Tulikaa shuleni, penye mwinuko. Shamba la chini limekwenda lote, la juu limepona. Baiskeli niliifunga juu kwenye kenchi za paa, lakini kamba iliteleza upande wa mbele na miguu ya shokapu ilikaa ndani ya maji sijui siku ngapi. Sasa nikiendesha inalia, na pale penye mpira panatoka maji ya rangi ya chai. Ikifa hii, samaki zangu nitabeba kichwani, na samaki hawasubiri mtu wa miguu. Fulgensi ameshakuja mara mbili kunipa pole, na pole yake ina mashine ya wedi nyuma yake.

Nimesoma maelezo yako yote. Nimeyaelewa. Niliweka kidole juu ya kile kipini cha valvu, nikakiondoa. Nikakiweka tena, nikakiondoa. Sasa nitakwambia kwa nini, na ukishajua usiniandikie kwa hasira, maana sikuahidi kukuficha, niliahidi kumtii.

Shokapu haivuji.

Lukelo ndiye aliyekuwa anautoa. Ilianza mwaka jana, kipindi cha mavuno. Unajua ule mchezo wa vijana wa kuning'inia kwenye mizani ya mnunuzi wa mpunga wapimane na magunia. Lukelo alining'inia. Mshale ukasimama chini ya alivyozoea, mbali kabisa. Wakamzomea, "Lukelo, hata debe nne hujai!" Akacheka nao, akapiga na mluzi. Alipofika nyumbani akaikalia baiskeli, nikamsikia anasema peke yake, "Imekuwa ngumu hii." Kisha akachukua ndoana kubwa, akaigeuza, akabonyeza kile kipini kwa upande usio na ncha. Tsss. Akaikalia tena, akatazama kile kipete cha mpira kwenye mguu kinachoonyesha imezama kiasi gani, kama ulivyomfundisha.

Baada ya hapo ikawa kila Jumapili tukitoka kanisani. Mimi niko jikoni, nasikia tsss. Nilidhani anachezea. Nikamwambia, "Baba Agnella, utaimaliza hiyo baiskeli." Akanijibu, "Haimaliziki, inanifuata tu." Mpaka nilipoona mkanda wake ameutoboa kwa msumari ndipo nikaelewa inamfuata wapi.

Hospitali walisema ni ini, na kwamba tumechelewa. Nilitaka kukupigia siku ileile. Akanishika mkono. "Silvano ananijua kwa kilo tisini. Mwache nazo." Nikakwambia ni malaria, ni uchovu, ni jua. Wewe uliamini, na mimi nilikuchukia kwa kuamini, kisha nikajichukia. Mara ya mwisho alibonyeza akiwa amekaa kwenye mkeka, baiskeli imelazwa mbele yake, hawezi tena kuipanda.

Kwa hiyo usiniambie mwizi ni oringi. Upepo uliomo ni aliouacha yeye. Hakuna aliyeutia wala kuutoa baada yake. Na inanibeba vizuri kwa sababu mwisho wake alikuwa mwepesi kama mimi.

Scolastica


Arusha, 19 Juni 2025

Shemeji yangu Scolastica,

Shikamoo, na pole. Hiyo pole ilitakiwa kutangulia mwezi wa pili.

Barua yako niliisomea karakanani nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yoramu akanitazama, akauliza, "Vipi, kuna msiba?" Nikamwambia, "Upo, wa mwaka jana." Akazima mashine ya maji, akaniambia nirudi chumbani. Nilikataa. Ningefanya nini chumbani?

Sina hasira na wewe. Nilikuwa nampigia kila Jumapili mchana. Namuuliza, "Kaka, baiskeli inaendaje?" Ananiambia, "Mdogo wangu, siku hizi iko laini kabisa, kama nimekaa kwenye godoro." Nikafurahi! Nilimwambia hata Yoramu, kaka yangu anafaidi. Shemeji, mimi kazi yangu ni hiyo. Mtalii anafika, namuuliza kilo zake, namjazia. Mtu akiniambia shokapu imelainika yenyewe, swali la kwanza linajulikana. Umevuja upepo, au umepungua wewe? Mgeni nisiyemjua jina ningemuuliza. Lukelo sikumuuliza.

Na wewe nilikuandikia kurasa mbili kukuonyesha kosa lako.

Sasa nisikilize, maana hili haliwezi kungoja sana. Maji ya mafuriko yameingia miguuni. Yakikaa, kutu itakula ule mng'aro ambao sili zinatelezea, na ikifika hapo hata mimi siwezi, itabaki ya Fulgensi. Lazima ifunguliwe, na haifunguliwi ikiwa na upepo. Nimefikiria siku nzima kama kuna njia ya kuosha mguu wa kulia peke yake na kuuacha wa kushoto. Hakuna. Nimemuuliza na Yoramu bila kumwambia sababu, akaniona mjinga.

Ila kuna hili. Kabla ya kubonyeza kile kipini, unga pampu kwenye valvu. Sindano ya geji itapanda na kusimama mahali. Hiyo ndiyo namba aliyoiacha. Ukishamaliza kazi yote, unajaza mpaka sindano irudi palepale.

Nitakwambia ukweli wake wote, usije ukagundua baadaye ukaona nimekudanganya. Ukiunga pampu, upepo kidogo unatoka mguuni na kuingia kwenye mpira wa pampu, hivyo sindano inasoma pungufu ya kilichokuwemo. Na shokapu, hata nzuri namna gani, inapoteza kidogo kila mwezi bila kuvuja. Kwa hiyo namba utakayoiona itakuwa karibu naye, haitakuwa yeye. Ukitaka kujua upo kiasi gani, inabidi uguse, na ukigusa unapungua. Nimekaa na jambo hilo tangu jana, silipendi, lakini ndivyo kilivyo chombo hiki.

Upepo wenyewe utaondoka. Hilo siwezi kulirekebisha.

Sili na oringi nimeshazipata. Venance alipita juzi, akaniuliza kama nina kifurushi cha Ifakara. Nikamwambia sina. Ziko hapa mezani.

Silvano


Mofu, 8 Julai 2025

Kwako shemeji,

Marahaba. Simu nimeiwasha. Wakimpigia nawaambia, wananipa pole, tunakwenda. Ningeweza kukupigia na wewe, lakini hili nimeona liende kwa mkono wa Venance, maana naye ana sehemu yake.

Mpunga wa shamba la juu tumevuna. Mama ametenga ungo mmoja hataki ukobolewe, ukimuuliza ni wa nani anasema ni wa kuku. Kuku mwenyewe alishaliwa Pasaka.

Baiskeli nimeisimamisha. Nimeiosha kama ulivyosema, nikafungua kile kifuniko, nikatoa pampu kwenye msumari wake. Nilianza kuizungusha kwenye valvu, mizunguko ya kwanza tu, ile ambayo bado haijashika. Nikasimama. Nikairudisha pampu ukutani na kifuniko mahali pake. Siyo kwamba nimekataa. Nimekubali itatoka. Lakini sindano ikishapanda inapanda mara moja tu, na mimi nimeshatazama mambo mengi ya Lukelo peke yangu. Hili sitalitazama peke yangu.

Fulgensi amekuja tena. Nikamwambia fundi wake yuko njiani.

"Fundi gani huyo?"

"Mdogo wake marehemu."

"Yule wa Mkula?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba Venance hakuniambia mimi peke yangu. Nikamjibu ndiyo, huyohuyo. Aliona haya, akanisaidia kuingiza baiskeli ndani, na hakutaja wedi.

Sitakuuliza tena ulichokiona au ulichokiogopa pale kwenye banda la ndizi. Kaa nacho. Umeandika sili ziko mezani, na hukumpa Venance. Nimeelewa, unazileta mwenyewe, usijisumbue kuandika zaidi. Mimi nitashika baiskeli, wewe utaunga pampu, mama atakaa pembeni akitukosoa, na tutaisoma ile namba sote watatu kabla hujabonyeza. Kisha utakwenda kwenye mizani ya mpunga upimwe na wewe, nijue na wewe uko wapi.

Basi likisimama Mkula watu wote watashuka kununua ndizi. Wewe kaa kwenye kiti chako.

Scolastica